Mgeni Asiyepiga Hodi

Msomaji mpenzi, katika nchi zetu mgeni hatakiwi kuingia nyumbani mwa mtu kimya kimya. Husimama nje, akapiga hodi, akangoja mpaka asikie karibu. Aingiaye pasipo hodi hushukiwa kuwa na nia mbaya, na mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza ametoka wapi na anataka nini. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye tangu wanadamu walipoanza kujenga nyumba amekuwa akiingia ndani bila ya kupiga hodi. Haonekani kwa macho, hana harufu, hana ladha, wala hana kishindo. Hutoka chini ya ardhi, akapita katika nyufa za sakafu, akakaa chumbani na wenyeji, nao wakamvuta katika pumzi zao usiku kucha. Jina lake ni radoni, nayo ni gesi. Katika insha hii nataka tufuatane, wewe na mimi, tuone jinsi watu walivyouawa na gesi hii kwa karne nyingi kabla ya kuijua, jinsi walivyokawia kuambiana habari zake baada ya kuijua, na jinsi mwenye nyumba wa leo awezavyo kuifukuza.

Habari hizi zaanzia katika milima iliyo mpakani mwa Ujerumani na nchi ambayo leo huitwa Cheki. Upande wa Ujerumani uko mji wa Schneeberg, na upande wa pili uko mji ulioitwa Joachimsthal, ambao sasa huitwa Jáchymov. Katika karne ya 15 fedha nyingi ilionekana Schneeberg, na mwaka 1516 mji wa Joachimsthal ukaanzishwa kwa sababu ya fedha iliyopatikana huko nako. Fedha hiyo ilifuliwa sarafu kubwa nzuri, nazo zikaitwa kwa jina la mji, yaani thaler. Jina hilo lilisafiri kutoka kinywa hata kinywa, likageuka kidogo kidogo mpaka likawa dola, neno ambalo hata sisi twalitumia. Tena thaler nyingine, iliyokuwa na sura ya Maria Theresa aliyetawala Austria, ilifika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, ikapokewa madukani katika karne ya 19, na wazee wetu wakaiita reale ya Sham. Basi usidhani kwamba milima hiyo ya mbali haituhusu. Jina la fedha yake lilifika hata mikononi mwetu.

Lakini waliochimba fedha hiyo hawakuishi maisha marefu. Vijana walishuka shimoni wakiwa wazima, wenye vifua vipana, na baada ya miaka kadhaa wakaanza kukohoa, wakakonda, wakashindwa kupanda ngazi, kisha wakafa. Waliobaki waliuita ugonjwa huo ugonjwa wa milimani. Wengi waliamini kuwa ni mashetani wa mashimoni wanaowakasirikia watu kwa kuiba mali yao.

Mwaka 1527 alifika Joachimsthal tabibu mmoja, jina lake Georgius Agricola. Huyu alikuwa mtu wa kuuliza na kutazama. Alishuka mashimoni, akaona jinsi miamba inavyopasuliwa, jinsi maji yanavyotolewa, na jinsi watu wanavyougua. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu kikubwa kiitwacho De re metallica, kilichopigwa chapa mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Humo alisimulia kwamba katika milima ya Carpathia, waliko wachimbaji wengine, walikuwako wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, na wote saba wakachukuliwa na ugonjwa wa mapafu. Fikiri, msomaji, maana ya habari hiyo. Mwanamke amezika waume saba, na kila mmoja alikwenda kazini kutafuta chakula cha watoto.

Agricola alidhani kwamba muuaji ni vumbi. Hakukosea kabisa, kwa maana vumbi la mashimoni nalo huua. Lakini la kustaajabisha ni hili: katika kitabu hicho hicho alichora na kueleza mitambo ya kupeleka hewa safi shimoni, mapipa ya kukamata upepo, mifuo mikubwa na mapanga ya kupepea. Alikuwa ameishika dawa mkononi ilhali hajaujua ugonjwa wenyewe. Laiti mitambo hiyo ingaliwekwa katika kila shimo, maelfu ya watu wangalipona. Haikuwekwa, kwa sababu iligharimu fedha, na uhai wa mchimbaji ulihesabiwa kuwa rahisi kuliko mifuo.

Zikapita zaidi ya karne tatu. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani, Friedrich Hugo Härting na Walther Hesse, walitangaza kwamba ugonjwa wa wachimbaji wa Schneeberg ni saratani ya mapafu. Waliifungua miili ya waliokufa, wakaona kwa macho yao. Huyu Hesse, pamoja na mkewe Fanny, ndio waliowafundisha wataalamu kukuza vijidudu juu ya agari, jambo ambalo labda umelifanya au utalifanya katika chumba cha sayansi shuleni kwako. Madaktari hawa walishuku kwamba chanzo cha saratani ni sumu ya aseniki iliyomo katika vumbi la miamba. Sasa jina la ugonjwa likajulikana, lakini jina la muuaji likabaki fumbo.

Fumbo hilo lilianza kufumbuliwa mahali pengine, na watu ambao hawakuwa wakimtafuta muuaji huyo. Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba madini ya uraniamu hutoa mionzi isiyoonekana. Miaka miwili baadaye, Marie Curie na mumewe Pierre walichukua mabaki ya miamba myeusi kutoka Joachimsthal, yale yale yaliyotupwa kama takataka baada ya uraniamu kutolewa kwa ajili ya kutia rangi vioo, wakapata ndani yake vitu viwili vipya, poloniamu na radiamu. Mwaka 1899 Ernest Rutherford na Robert Owens, waliokuwa Montreal katika nchi ya Kanada, waliona kwamba thoriamu hutoa kitu kama pumzi yenye mionzi. Mwaka 1900 Friedrich Ernst Dorn wa Ujerumani aliona kwamba radiamu nayo hutoa pumzi ya namna hiyo. Pumzi hiyo ya radiamu ndiyo radoni.

Yafaa sasa nikueleze tabia za gesi hii, maana asiyemjua adui hawezi kupigana naye. Uraniamu imo, kidogo sana, karibu katika kila mwamba na kila udongo duniani. Atomu zake haziwi imara. Hujivunja polepole, kizazi baada ya kizazi, zikawa radiamu, na radiamu ikawa radoni. Wazazi wote wa radoni ni vitu vigumu vilivyofungwa ndani ya jiwe, lakini radoni ni gesi, kwa hiyo huweza kutoka jiweni na kutembea. Umri wake ni mfupi. Katika muda wa siku nne kasoro kidogo nusu yake hujivunja, ikawa poloniamu na vitu vingine vigumu, ambavyo ni vidogo mno. Hivi ndivyo vilivyo vibaya zaidi. Radoni yenyewe, mtu akiivuta, nyingi hutoka tena kwa pumzi, lakini watoto wake hushikamana na vumbi na moshi, huingia kifuani, wakaganda katika njia za mapafu. Hapo hujivunja tena, na kila mmoja akijivunja hurusha mionzi yenye nguvu inayoziumiza chembe za mwili. Chembe moja iliyoumizwa vibaya yaweza, baada ya miaka mingi, kuwa mwanzo wa saratani.

Labda utadhani kwamba watu walipoijua gesi hii waliikimbia. La! Waliikimbilia. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 watu wa Ulaya na Marekani walishikwa na wazimu wa radiamu. Chochote chenye mionzi kilihesabiwa kuwa dawa ya uzee, ya viungo, ya uchovu na ya huzuni. Joachimsthal kwenyewe, ambako wachimbaji walikuwa wakifa, zilifunguliwa nyumba za kuogea mwaka 1906, na matajiri wakasafiri kutoka mbali kwenda kujitia katika maji yenye radoni. Huko Marekani iliuzwa mitungi ya kutia radoni katika maji ya kunywa. Mwaka 1932 tajiri mmoja wa nchi hiyo, Eben Byers, alikufa baada ya kunywa chupa nyingi za maji ya radiamu, mifupa ya taya yake ikiwa imeoza. Hapo ndipo watu walipoanza kuzinduka. Jifunze hapa, msomaji, kwamba kitu kipya chaweza kusifiwa na wasomi na magazeti, na bado kikawa sumu.

Wakati huo huo wapimaji walikuwa wameingia katika mashimo ya Schneeberg. Katika miaka ya 1920 waliona kwamba hewa ya humo imejaa radoni, na wengine wakasema wazi kwamba ndiyo iletayo saratani. Lakini wengi walibisha, na kabla ya mabishano kwisha vita vikuu vikaja, na haja ya uraniamu ikawa kubwa kuliko zamani.

Hapa habari zetu zavuka bahari na kuingia Afrika. Huko Katanga, katika nchi ya Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, kulikuwa na mgodi wa Shinkolobwe. Uraniamu ilionekana hapo mwaka 1915, nayo ilikuwa nzito na tajiri kupita zote zilizojulikana duniani. Kwanza waliitaka radiamu iliyomo ndani yake. Halafu, katika Vita Kuu ya Pili, Marekani ikaitaka uraniamu yenyewe, na sehemu kubwa ya uraniamu iliyotengenezewa mabomu ya mwaka 1945 ilitoka katika mgodi huo. Waliolichimba jiwe hilo walikuwa Waafrika wa Katanga. Majina ya wataalamu waliotengeneza bomu yameandikwa vitabuni, bali majina ya waliolibeba jiwe hayakuandikwa.

Baada ya vita, Marekani ilichimba uraniamu yake yenyewe katika uwanda wa juu wa Colorado, na miongoni mwa wachimbaji walikuwamo watu wengi wa kabila la Navajo. Tangu mwaka 1950 madaktari wa serikali walikuwa wakiwapima wachimbaji hao na kuandika habari zao. Walijua hatari iliyotokea Schneeberg na Joachimsthal. Hata hivyo wachimbaji wenyewe hawakuambiwa waziwazi hatari iliyokuwa mbele yao, na mashimo mengi hayakutiwa hewa ya kutosha. Wajane wakaongezeka katika vijiji vya Navajo kama walivyoongezeka zamani katika milima ya Carpathia. Ilipofika mwaka 1990 ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuwalipa fidia, na kwa wengi malipo yalifika kaburini. Ujinga ni kosa linaloweza kusamehewa. Lakini kujua na kunyamaza, ilhali mwenzako anaangamia, jambo hilo ni zito.

Mpaka hapo, msomaji, tumesema habari za mashimo tu. Waweza kuniambia, "Mimi si mchimbaji, na baba yangu si mchimbaji. Yanihusu nini?" Swali lako ni zuri, nao wenye nyumba wa Ulaya na Marekani walijiuliza hivyo hivyo kwa muda mrefu.

Jibu la kwanza lilitoka Sweden. Huko watu walikuwa wakijenga nyumba kwa matofali ya zege jepesi, lenye rangi ya buluu, lililotengenezwa kwa mwamba wenye uraniamu ndani yake. Mwaka 1956 mtaalamu Rolf Hultqvist alitangaza vipimo vya radoni katika nyumba za nchi hiyo, na ikaonekana kwamba nyumba za zege hilo zina radoni nyingi. Watu wachache walimsikiliza. Zege hilo liliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1975. Tena ilipotokea shida ya mafuta mwaka 1973, watu wa nchi za baridi waliziba kila tundu la nyumba zao ili joto lisipotee. Walilifungia joto ndani, na pamoja nalo wakamfungia mgeni.

Jibu la pili lilitoka Marekani, nalo lilisikika duniani kote. Katika mji wa Boyertown, jimbo la Pennsylvania, alikuwako mhandisi mmoja, Stanley Watras, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo kipya cha umeme wa nyuklia cha Limerick. Kituoni palikuwa na milango yenye vyombo vya kupima mionzi, ili mfanyakazi aliyepatwa nayo ajulikane kabla ya kwenda kwao. Mwezi wa Desemba mwaka 1984 vyombo hivyo vilikuwa vikimlilia Watras mara kwa mara, na hakuna aliyejua sababu. Siku moja aliamua kupita katika milango hiyo asubuhi, alipokuwa ndiyo kwanza anafika kazini. Vyombo vikalia. Ikawa dhahiri kwamba mionzi haikutoka kituoni kwenda nyumbani. Ilitoka nyumbani kwenda kituoni!

Wapimaji walikwenda nyumbani kwake, na walichokiona kiliwatisha. Hewa ya nyumba ilikuwa na radoni kiasi cha bekereli 100,000 katika kila mita moja ya ujazo, maana yake ni kwamba katika kila mita hiyo atomu 100,000 zilikuwa zikijivunja kila sekunde. Katika hewa ya nje, kwa kawaida, hazizidi 15. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya mwamba wenye uraniamu, na Watras, mkewe na watoto wao walikuwa wakilala hapo kila siku. Walihama upesi. Lakini nyumba haikubomolewa. Mafundi waliifanyia kazi, radoni ikapungua mpaka kiasi kisichotisha, na mwaka 1985 jamaa hao wakarudi kwao. Yakumbuke mambo hayo mawili pamoja: hatari ilikuwa kubwa mno, na dawa yake ikapatikana katika muda wa miezi michache.

Tangu hapo wataalamu walizipima nyumba nyingi katika nchi nyingi. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliiandika radoni katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa wanadamu. Mwaka 2005 ulitangazwa uchunguzi uliokusanya habari za wagonjwa 7,148 wa saratani ya mapafu kutoka nchi za Ulaya, wakalinganishwa na watu 14,208 wasio na ugonjwa huo. Ilionekana kwamba kila radoni ya nyumbani ikiongezeka kwa bekereli 100, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kwa 16 kwa mia.

Nieleze kwa hesabu nyepesi. Chukua watu 1,000 wasiovuta tumbaku kamwe. Wakiishi katika nyumba zisizo na radoni, wapata 4 watakufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kutimiza miaka 75. Wakiishi katika nyumba zenye bekereli 400, watakufa 7. Sasa chukua wavuta sigara 1,000. Pasipo radoni watakufa 100, na kwa bekereli 400 watakufa 160. Waona, msomaji, jinsi tumbaku na radoni walivyo ndugu wanaosaidiana katika uovu. Mtu akiuliza ni nini la kwanza awezalo kulifanya ili radoni isimdhuru, na ajibiwe: asivute sigara, wala asikubali ivutwe ndani ya nyumba yake.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote zijitahidi kiasi cha radoni nyumbani kisizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana, kisizidi 300. Marekani huwataka wenye nyumba kuchukua hatua kiasi kifikapo 148, na Uingereza 200. Wastani wa nyumba za dunia nzima ni kama 40. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila nyumba ni kaburi. Twasema kwamba nyumba moja yaweza kuwa salama na ya jirani ikawa ya hatari, wala hapana awezaye kuzitofautisha kwa kutazama.

Basi mwenye nyumba afanye nini? Kwanza, apime. Kipimo ni kichombo kidogo kinachowekwa katika chumba cha chini ambamo watu hukaa au hulala. Vipo vya mkaa vinavyokaa siku chache, na vipo vya namna ya bamba la plastiki vinavyokaa miezi mitatu au zaidi, kila mwonzi ukaacha alama yake juu ya bamba. Hivi vya muda mrefu ndivyo bora, kwa kuwa radoni hupanda na kushuka kwa majira na hali ya hewa. Kisha chombo hupelekwa kwa wataalamu kusomwa.

Pili, azibe nyufa. Nyumba yenye joto huvuta hewa kutoka ardhini kama mtu avutavyo maji kwa mrija, maana hewa ya moto hupanda na kutoka juu, na nyingine huja chini kushika mahali pake. Hupita katika nyufa za sakafu, katika maungio ya ukuta, na mahali mabomba yanapoingilia. Wahenga wetu walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuijua radoni, lakini shauri lao lamfaa sana mwenye nyumba wa leo.

Tatu, kama kiasi ni kikubwa, kuziba pekee hakutoshi, kwa sababu gesi ina subira na hutafuta njia nyingine. Hapo fundi hutoboa sakafu, hushusha bomba mpaka chini yake, na kulipandisha hadi juu ya paa, akatia feni ndogo inayovuta hewa ya ardhini na kuitoa nje kabla haijaingia nyumbani. Njia hii hupunguza radoni kwa zaidi ya nusu, na katika nyumba nyingine kwa 99 kwa mia. Hii ndiyo njia ya kumpa mgeni mlango wake mwenyewe, apite zake pasipo kukanyaga sebule.

Nne, nyumba mpya na ijengwe kwa hadhari tangu msingi. Kutandika karatasi nzito ya plastiki chini ya zege, na kuacha nafasi ya bomba, ni kazi rahisi kabla ya sakafu kumwagwa, na ni kazi ghali baadaye. Tano, hewa safi ipite. Madirisha yakifunguliwa pande mbili radoni hupungua mara moja, ingawa hurudi yakifungwa. Hivyo dirisha ni msaada mzuri, lakini lisidhaniwe kuwa dawa kamili mahali penye radoni nyingi. Na maji ya kisima kirefu kilichochimbwa katika mwamba nayo huweza kuleta radoni. Maji hayo yakirushwa au kumwagwa kama mvua hewani kabla ya kuingizwa nyumbani, gesi huyatoka.

Yafaa sasa tujitazame wenyewe. Nchi yetu ya Kenya ina jua, na watu wengi hukaa nje mchana na kufungua madirisha. Jambo hilo ni baraka kubwa, kwa maana mgeni huyu hashindani na upepo. Lakini katika nyanda za juu zenye baridi watu hufunga milango na madirisha usiku, na wengine huweka jiko la makaa ndani. Jiko hilo lina gesi yake iuayo upesi kuliko radoni. Mwenye kuacha nafasi ya hewa kupita hujikinga na adui wawili kwa tendo moja.

Tena miamba yetu haifanani yote. Huko Kwale, katika mlima wa Mrima, ulio na msitu wa kaya ya Wadigo, ardhi ina thoriamu nyingi, na mionzi yake ya asili imepita kawaida. Thoriamu huzaa gesi iitwayo thoroni, ndugu yake radoni. Umri wa thoroni ni mfupi mno, nusu yake hujivunja katika muda wa dakika moja hivi, kwa hiyo haiwezi kutoka mbali. Huwadhuru watu zaidi ikitoka katika kuta zenyewe, pale zilipojengwa kwa udongo wenye thoriamu. Mahali kama hapo ni busara kuuliza udongo wa kujengea umetoka wapi, na kuta zikikandikwa vizuri kwa lipu njema, thoroni nyingi hufia ukutani. Kenya ina mamlaka ya kusimamia mambo ya mionzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na vyuo vyetu vikuu vina wataalamu wanaopima radoni. Elimu imekwisha kufika kwetu. Inangoja kuulizwa tu.

Msomaji mpenzi, tumetembea pamoja kutoka mashimo ya Schneeberg mpaka sakafu ya nyumba yako. Njiani tumemwona mwanamke aliyezika waume saba, tumewaona wachimbaji wa Katanga wasioandikwa majina, na watu wa Navajo waliopimwa lakini hawakuambiwa. Hawa wote hawakufa kwa sababu gesi ina nguvu zisizozuilika. Feni, bomba na ufa ulioziba vyaweza kuizuia. Walikufa kwa sababu aliyejua hakusema, au aliyeambiwa hakusikia, au mwenye fedha aliona dawa ni ghali kuliko mtu.

Wewe sasa umejua. Ukirudi nyumbani wakati wa likizo, tazama sakafu ya chumba unamolala. Tazama madirisha, na uulize kama hufunguliwa. Waeleze wazazi wako kwa adabu yale uliyoyasoma, na yule mjomba avutaye sigara mbele ya watoto, mwambie naye kwa heshima. Huenda siku moja utakuwa fundi, daktari, mwalimu au mwenye mgodi. Ikiwa hivyo, likumbuke deni la wale waliotangulia, na ujuapo hatari iliyofichwa katika kazi ya watu wako, usiingoje miaka arobaini ndipo useme.